Kiwiko cha Bomba la Mabua

Tarehe nane ya mwezi wa Mfungo Tano, siku ya Jumatano, baina ya alasiri na magharibi, mume wangu alifariki dunia katika karakana yake iliyo chini ya nyumba yetu, Mji wa Kale, Mombasa. Mkasi wa kukatia bati ulikuwa bado mkononi mwake. Daktari alisema ni presha. Mimi nilikuwa juu nikichagua mchele, na sikusikia mtu kuanguka. Nilisikia nyundo imenyamaza, nikadhani ametoka barazani kunywa kahawa. Nikachagua mchele wangu mpaka ukaisha, ndipo niliposhuka kumwita.

Aliyeondoka ni mume, na pamoja naye yaliondoka makelele. Mtu ambaye hajapata kuishi juu ya karakana ya bati hawezi kujua maana yake. Ngazi ya nyumba yetu ni nyembamba kama koo, na kila nyundo aliyoipiga chini ilipanda kwa ngazi hiyo ikanikuta jikoni. Miaka yote nilinung'unika. Nilikuwa nikimwambia, "Utanitia uziwi wewe," naye akinijibu, "Basi nitapata mke asiyesikia umbeya." Hatukujaaliwa watoto. Tulikuwa wawili na bati.

Kazi yake ilikuwa mabomba ya moshi ya waoka mikate, mifereji ya kupokea maji ya mvua, masanduku ya safari, na vifuniko vya kila namna. Mara mojamoja alitengeneza vyombo vya kuvutia vumbi kwa wenye vinu vya kusaga unga. Sifa ya vyombo hivyo ndiyo iliyomleta mkulima mmoja wa mpunga.

Alitoka kusini, upande wa Vanga. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya viua, asiyeinua sauti. Yeye na ndugu zake walikuwa wamenunua mashine ya kupura mpunga. Unaingiza mpunga na mabua yake kwa mbele, punje zinadondoka chini, mabua yanatoka kwa nyuma. Shida ilikuwa huko nyuma. Mabua yalitemwa papo hapo, miguuni mwa watu. Wanaume wawili kazi yao ilikuwa kuyaondoa kwa uma kutwa nzima, wamekula vumbi mpaka kope zao nyeupe, na wakipumzika kidogo mashine inazikwa na mabua yake yenyewe. Alikuwa amesikia kwamba ziko mashine zinazoyapuliza mabua kwa upepo ndani ya bomba, zikayarundika mbali, mahali pamoja. Alitaka hivyo. Lundo moja zuri, ng'ombe wapate kula kiangazi.

"Unataka birika," mume wangu alimwambia.

"Nataka nini?"

"Birika. Tumbo kubwa, mdomo mrefu. Tumboni tunatia feni, mdomoni yanatoka mabua. Unayamimina utakapo."

Mkulima akacheka. "Haya, nitengenezee birika langu. Lakini nisije nikaungua miguu."

Mashine ililetwa kwa lori, na lori haliingii kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo ilimaliziwa kwa mkokoteni wa hamali. Ikakaa nusu karakanani, nusu nje. Watu wakawa wanapita kwa ubavu. Tuktuk zikifika zinapiga honi, kisha zinarudi nyuma na matusi yao.

Bati lililopinda halishikiki na mtu mmoja. Kila asubuhi baada ya chai aliniita nikashike upande wa pili, naye apige ribiti za kuungia bati. Ndiyo maana najua ninayoyajua juu ya kazi hii. Nimesoma mpaka darasa la saba, sina elimu ya upepo. Najua tu mahali tulipokosea na mahali tulipopatia, kwa sababu mikono yangu ilikuwepo. Feni ya kwanza ilikuwa dhaifu. Ilivizungusha vitu tumboni kama mtu anayesukutua, isiviteme. Akaipa mapanga manane badala ya manne. Feni ya pili ilikuwa na nguvu, ila upepo ulivuja kwenye viungo, akavilehemu kimoja kimoja. Alikuwa akila huku anachora bomba kwa kidole kwenye sahani. Nilimwambia amalize wali kwanza, atajenga baadaye.

Kilichotusumbua zaidi ni kiwiko. Bomba lilipaswa kupanda juu kutoka tumboni, kisha lipinde, ndipo litupe mabua mbele. Kiwiko cha kwanza alikikata kwa mzunguko mpana, wa taratibu. Tulipolisimamisha bomba kichochoroni, lilikwenda kugonga roshani ya jirani wa mbele. Mimi nilikuwa dirishani nikimwongoza.

"Polepole. Utabomoa roshani ya watu."

"Kushoto au kulia?"

"Kokote. Roshani iko kokote."

Basi akalishusha, akakitoa kile kiwiko, akatengeneza kingine kifupi, kikali, kama mkono uliokunjwa. Bomba likapanda wima baina ya nyumba mbili, likapinda ghafla, likaelekea usawa wa kichochoro bila kugusa ubao hata mmoja. Tulifurahi sana. Nilimpigia makofi kutoka dirishani. Hatukukumbuka, si yeye wala mimi, kwamba shambani hakuna roshani.

Jambo la pili ni kwamba Mji wa Kale hauna mabua ya mpunga. Alikwenda kwa mshona magodoro, akarudi na magunia ya matumbo ya magodoro makuukuu, usufi na makumbi ya nazi. "Likirusha makumbi litarusha mabua," alisema. Asubuhi ya Ijumaa akawasha injini. Sitaisahau Ijumaa ile. Makumbi yaliruka mpaka pembeni mwa kichochoro, na usufi ulipanda juu ya mapaa, ukashuka kwenye nguo zilizoanikwa, ukaingia katika karai la mama auzaye bajia.

"We mwana wa watu," yule mama alimwambia, "leo nauza bajia au nauza mito?"

"Uza zote, bei mbili."

"Nitakukaanga wewe, ndiyo bei moja."

Dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu, alikuwa amekuja kutusalimu. Alisimama mlangoni amejifunika pua kwa ukaya wa buibui. "Mtu mzima mwenye mvi," alisema, "anacheza na pamba." Lakini alikuwa akicheka. Sote tulicheka. Mume wangu alizima injini, akasema imekwisha, imebaki shingo tu, pale bomba linapokutana na tumbo. Shingo hiyo ndiyo aliyokuwa akiikata siku ya Jumatano.

Matanga yalikaliwa, watu wakaja, watu wakarudi makwao. Mimi nikakaa eda. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, na hakai na wanaume wasio maharimu zake. Wifi alihamia kwangu ili nisiwe peke yangu. Nilimshukuru, na bado nilikuwa peke yangu. Alilala mapema na kuamka mapema. Kutwa aliuacha wazi mlango wa ngazi ili hewa ipite, na kutoka chini haikuja sauti yoyote. Nilijikuta nikisimama pale juu na sinia mkononi, nimesahau nilikuwa nakwenda wapi. Watu walinipa pole kwa simu, wakauliza kama nalala vizuri. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nalala vizuri. Taabu ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa bati.

Eda ilipopita nusu, yule mkulima akapiga hodi. Alikuwa amekwisha kuja matangani, akakaa na wanaume, hakutaja mashine. Safari hii alisimama chini ya ngazi. Mimi nilikaa juu nyuma ya pazia, na wifi akasimama katikati kama askari wa forodha.

"Bibi," alisema, "sikuja kukukaba. Lakini mpunga umeanza kuinama. Nikikosa mashine sasa, ndege na mvua watanigawana. Nitaichukua kama ilivyo. Hilo bomba, ambalo Mungu hakujaalia liishe, nitalifungua nikuachie. Wanunua vyuma vikuukuu hupita hapa, nimewasikia."

Aliyasema kwa adabu, wala hapakuwa na neno la kumkatalia. Mashine ni yake. Wanunua vyuma hupita kweli, kila siku, na mizani yao ya kuning'iniza. Bomba lile lingekatwa vipande, likunjwe, lipimwe kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Nilijua hapohapo ninalolitaka, na lilikuwa moja tu. Nilitaka lirushe mabua ya kweli. Lisiuzwe kabla halijarusha mabua ya kweli.

"Limebaki shingo tu," nikasema nyuma ya pazia. "Nipe mpaka Jumapili."

Wifi akageuka. "Jumapili nani atalimaliza? Wewe na eda yako?"

"Yupo wa kulimaliza."

Mkulima akasema, "Jumapili, inshallah," akaenda zake.

Niliyemkusudia ni fundi wa kulehemu aliyekuwa akisaidiana na mume wangu chuma kikiwa kinene. Ni mtu wa bara, Mkristo, anakaa Majengo. Kazi yake yenyewe iko Kilindini, anaziba makontena yaliyotoboka. Wifi ndiye aliyempigia simu kwa niaba yangu, na alimwita kwa sauti ya mtu anayemwita polisi. Jumapili alikuja baada ya kanisa, na nguo za kazi katika mfuko wa nailoni. Nilimsikia amefika mlangoni mwa karakana, lakini haingii.

"Vipi, baba?" wifi akamuuliza. "Ngazi imekuogopesha?"

"Hapana, mama. Hapa nimezoea kutukanwa kwanza ndio naingia."

"Nani alikuwa akikutukana?"

"Mzee mwenyewe. Alikuwa ananiambia, mtu wa bara umekuja kuharibu bati ya watu."

Wifi akashuka kidato kimoja. Kisha akasema, "Mtu wa bara, umekuja kuharibu bati la watu. Ingia."

Akaingia. Nilikaa kwenye kidato cha juu kabisa, pazia limeshushwa, nikamsikiliza. Ilikuwa nyundo ya kwanza katika nyumba hii tangu Jumatano ile, na haikuwa yake. Mume wangu alipiga mbili ndogo, moja kubwa. Huyu alipiga kubwa zote. Nililia, nikajifuta, kisha nikamtuma wifi ampelekee chai na mahamri, na amwambie asisahau kulehemu kwa ndani, upepo huvuja.

Jioni ile shingo ikawa imekwisha. Kesho yake mkulima alikuja na hamali na mkokoteni, wakaivuta mashine mpaka penye lori. Yule fundi alikuwa na siku za mapumziko kazini, akasema ataifuata avuke nayo feri, ili kama kuna la kurekebisha alirekebishe hukohuko. Nilitazama kwa tundu la dirisha. Bomba lilikuwa limefunguliwa na kulazwa juu ya mkokoteni, na kiwiko chake kimeelekea juu. Kichochoro kikawa kipana tena. Mama wa bajia alisema, "Mungu amrehemu, amenirudishia njia," na najua hakuwa na ubaya.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, simu ililia. Wifi aliiweka mezani, akaifungua sauti, nasi tukaiinamia.

"Mama, imekataa," fundi alisema.

"Imekataa vipi?"

"Inatoa kidogo, halafu inaziba. Tunafungua, tunavuta nyasi kwa mkono, tunawasha tena, inaziba tena. Tumefanya hivyo asubuhi yote. Hawa watu wamerudi kwa uma zao." Nyuma yake nilisikia injini na watu wakibishana. "Mwenye mashine ni mpole, lakini ameniambia ikifika saa tisa haijakubali, anafungua bomba, anarusha huko kando."

"Inaziba wapi?"

"Kwa kiwiko. Hizi nyasi ni ndefu, mama, na asubuhi ziko na umande. Zikifika kwa kona zinasimama kombo. Ni kama kupandisha kitanda kwa hiyo ngazi yenu. Moja ikikwama, zote zinalala hapo."

"Usufi ulipita."

"Usufi hauna mifupa."

Aliendelea taratibu, kama mtu anayejua anakanyaga kaburi. "Sijui kwa nini mzee alikipinda hivi. Yeye si mtu wa kukosea pinda. Nimekiangalia mpaka nimechoka."

"Ni kwa sababu ya roshani," nikasema.

"Ya nini?"

"Roshani ya jirani wa mbele. Cha kwanza kilikuwa kipana, kikagonga roshani. Akakikata kifupi ili bomba lisimame kichochoroni. Nami nilikuwepo, nikamwambia vizuri."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na dharau. "Mama, huku hakuna roshani. Huku kuna mbingu tu." Halafu akasema alilopigia simu. "Naweza kukikata. Nilehemu pinda ndefu, ya pole pole. Hapa kuna pipa ya mafuta tupu, bati yake inatosha. Na hayo mapanga ya feni nipunguze, nyasi zinajisokota humo. Lakini hii ni kazi ya marehemu. Siwezi kuikata bila ruhusa yako."

Wifi alikuwa wa kwanza kusema. "Usikate."

Nilimtazama.

"Hiyo ni kazi ya ndugu yangu," aliniambia mimi, si simu. "Mkono wake wa mwisho huo. Hata kaburi lake halijaota nyasi, mnamkata vipande? Mwache aifungue, ailete, tutaiweka chini palepale ilipokuwa. Nani ametuambia lazima iuzwe?"

Lilikuwa neno la haki na sikuwa nimelifikiria. Tungeweza kuliweka. Lingekaa karakanani zima, na kiwiko chake, na mimi ningeshuka kila asubuhi nikaliangalia. Kile kiwiko nilikijua kuliko kitu chochote alichopata kutengeneza. Nilikishika kwa mikono miwili wakati akipiga ribiti, na kila pigo liliingia mpaka begani kwangu. Ribiti moja ilikwenda upande, akataka kuing'oa, nikamwambia iache, nani ataiona. Ningeweza kuiona kila siku. Lakini lingekuwa bomba lisilorusha kitu. Yeye hakutengeneza vitu vya kuwekwa. Akiona mtu amenunua sanduku lake akaliacha tupu, huudhika.

"Wifi," nikasema, "alikuwa akilitengeneza lirushe mabua."

Akageuza uso. Hakuniambia nikate, wala hakuniambia nisikate. Aliisukuma ile simu kidogo kwa kidole, ikaja upande wangu.

"Kata," nikamwambia fundi.

"Kiwiko chote?"

"Chote. Na mapanga utakayo. Lehemu kwa ndani."

"Ndio, mama."

Wifi aliondoka, akaingia chumbani, na sauti ya udhu ikasikika kwa muda mrefu kuliko udhu wa kawaida. Mimi nilibaki mezani. Saa ile watu wote wa Mji wa Kale walikuwa na kazi zao. Nilisikia mkokoteni ukipita, mtu akisalimia, mtu akijibu, na mnunua vyuma akipiga kelele zake. Nilifikiri juu ya msumeno wa chuma ukipita kwenye kiwiko nilichokipigia makofi. Sikujuta, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba sijuti.

Karibu na magharibi fundi akapiga tena. "Inatoa," alisema. Si kama mzee alivyoahidi, hairushi mbali sana. Asubuhi penye umande bado inaziba, inabidi wangoje jua. Na mapanga ya feni ameacha manne, kama ya kwanza kabisa, ila sasa injini inazunguka kwa kasi. Lakini mabua yanapanda, yanapinda, yanaanguka mahali pamoja. Wale watu wawili wa uma wamekaa chini. "Sikiliza," akasema, akaisogeza simu kwenye mashine.

Nilisikiliza. Ilikuwa kelele tu, kama mvua kubwa juu ya bati. Ingekuwa upepo mtupu nisingejua tofauti. Nilisema, "Naisikia," maana alikuwa amechoka na alistahili kuambiwa hivyo.

Wifi alinisemesha kwa kifupi siku kadhaa baada ya hapo. Chumvi iko wapi. Maji yametoka. Halafu siku moja tukiwa tunachagua mchele aliuliza, bila kuinua macho, kile kiwiko kilichokatwa kiko wapi. Sikujua. Nilimuuliza fundi kwa simu, akasema bati lake amelitumia kuziba tundu tumboni mwa mashine. Nilimwambia wifi. Akasema, "Afadhali," tukaendelea na mchele.

Eda ilikwisha. Wifi aliniogesha, akanivalisha kanga mpya, akanifukiza udi, akasema sasa niende nitakako. Sikuwa na pa kwenda. Ndugu zangu wa upande wa mama walinialika chakula cha mchana, nikaenda, nikarudi mapema. Ndipo nikamwambia wifi nataka kwenda kuiona ile mashine, kama kupura hakujaisha. Tulipompigia mkulima alisema limebaki shamba moja la bondeni lililochelewa, tuwahi.

Tulivuka feri asubuhi, tukapanda gari la kusini. Wifi alilalamika njia nzima kuhusu mgongo, na kila nilipomwambia tungeweza kurudi alisema, "Nani amesema kurudi?" Mkulima alitupokea barabarani, akatupeleka kwa miguu juu ya tuta. Tuliiona kabla hatujafika. Bomba lilikuwa limesimama peke yake katikati ya shamba, na mbele yake lundo la mabua la kimo cha nyumba, rangi ya dhahabu iliyofifia. Pinda mpya ilikuwa ya bati la pipa, bado ina rangi ya buluu. Chini ya buluu na juu yake lilikuwa bati letu. Ungeweza kuona wazi mahali mkono mmoja ulipokoma na mwingine ukaanza.

"Unaiona?" mkulima aliniuliza.

"Naiona."

"Vijana wanaiita Tembo."

Watu walikuwa wakilisha mpunga kwa mbele. Mabua yalipanda ndani ya bomba, ukasikia yanavyokwaruza, yakapita kwenye buluu, yakatoka mdomoni na kuanguka juu ya lundo. Mtu mmoja alikuwa na kamba iliyofungwa mdomoni mwa bomba. Akiivuta mdomo unageuka na lundo linaongezwa upande mwingine. Kama birika kweli. Wifi alisimama na mkono kinywani. Hakusema kitu juu ya watu wazima wala pamba.

Nilisogea karibu mpaka vumbi likaniingia machoni. Nilitaka kuona zile ribiti za kiwiko kwenye kiraka cha tumboni. Kabla sijazipata, mlio ukabadilika, ukawa mzito, na mabua yakakoma kutoka.

"Tembo kasongwa tena," mwenye kamba alisema.

"Mkubwa wa mwili huyo, hana koo," mwenzake akajibu. "Sijui nani alimtengeneza."

"Fundi mmoja wa Mombasa."

"Fundi wa Mombasa anajua mabua ya wapi?"

Wakacheka. Wifi alifungua kinywa amjibu, nikamshika mkono. Injini ikazimwa. Kukawa na kimya shamba zima, na upepo wa kawaida ukapita juu ya lundo. Yule mwenzake alikuja na ufunguo, akanikuta nimesimama mbele ya kifuniko cha tumbo, pale anapotaka kufungua.

"Mama," alisema, "sogea kidogo."

Nikasogea. Akafungua, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta mabua yaliyosokotana, akayatupa kando, akafunga. Injini ikawashwa. Mabua yakaanza tena kutoka.